Siti ya Mama Gerald

Baiskeli ilishushwa kwenye buti la basi la Arusha ikiwa imezungushiwa maboksi na kamba za manila. Naftali, aliyekwenda kuipokea barabarani, aliisukuma mpaka nyumbani bila kuifungua. Aliifungulia uani, mbele ya mke wake. Dina alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kama alivyozoea tangu ajali, ungo wa choroko mapajani. Aliuweka ungo chini, akanyoosha mkono, akaushika usukani wa ile baiskeli kama mtu anayempokea mgeni aliyetoka mbali.

"Ni ya milimani hii," Naftali alisema. "Gerald anasema watalii wameichosha, lakini fremu yake haina ufa."

Gerald alikuwa mtoto wao wa kwanza, akifanya kazi ya kuongoza watalii kwa baiskeli huko Arusha. Alipokuja likizo ya Pasaka alimwona mama yake akiwatazama wanawake waliokuwa wakienda mnadani kwa baiskeli, akiwasindikiza kwa macho mpaka wanapotelea kwenye mashamba ya alizeti. Dina alikuwa ameendesha baiskeli tangu akiwa msichana, enzi ambazo watu wa kijiji chao cha Ulemo walisimama kumshangaa. Naftali mwenyewe alimfahamu kwa sababu ya pancha aliyomletea azibe. Sasa ilikuwa imepita miaka miwili bila yeye kugusa pedali.

Tatizo halikuwa woga. Tatizo lilikuwa nyonga. Tangu pikipiki iliyombeba ianguke kwenye njia ya Kinampanda, nyonga yake ya kushoto ilikuwa na chuma ndani, na haikukunjika tena sawasawa. Gerald alikuwa amemjaribisha kwenye baiskeli ya jirani. Siti ikiwa chini, kila pedali ilipopanda, goti lilipanda nalo na nyonga ikamchoma. Siti ikiwa juu, nyonga ilitulia na Dina akatabasamu, lakini miguu haikufika chini, na mguu wa kushoto haukuwa tena mguu wa kurukia.

"Mama anahitaji siti mbili kwenye baiskeli moja," Gerald alisema siku ile. "Ya kupandia na kushukia iwe chini. Ya kuendeshea iwe juu."

Kisha akaeleza kwamba kitu hicho kipo. Ni bomba la siti lenye kupanda na kushuka. Mwendeshaji anabonyeza kidude kilichopo karibu na mkono, siti inashuka kwa uzito wa aliyeikalia. Akijiinua kidogo na kubonyeza tena, siti inamfuata juu na kujifunga hapo. Naftali alimsikiliza mwanawe huku akijifuta grisi vidoleni. Alikuwa fundi baiskeli kwa miaka thelathini na minne, kibanda chake cha mabati kinajulikana mpaka Misigiri, na hakuwahi kuona siti inayotii kidole.

Bomba lililokuja na baiskeli ya Arusha lilikuwa limekufa. Ukiliinua lilisimama, ukilikalia lilizama taratibu kama mtu anayesinzia. Naftali alishinda nalo siku nzima kibandani. Alifungua alichoweza kufungua, akapata mafuta mikononi na hewa iliyotoka kwa mlio mwembamba, na baada ya hapo hakukuwa na mahali pengine pa kutia spana. Jioni alimpigia Gerald simu.

"Hilo usihangaike nalo, baba," Gerald alisema. "Lina hewa na mafuta ndani, na funguo zake hazipatikani huko. Singida Mjini kuna mtu anaitwa Mselemu, anauza spea za baiskeli za mtumba. Nimeshaongea naye. Nenda na hilo bovu kama sampuli, maana unene ukipishana hata kidogo halitaingia kwenye fremu. Angalia na urefu. Likishuka mpaka mwisho, nyayo za mama ziguse chini zote mbili."

"Na uimara nitaujuaje?"

"Uimara utaujua wewe kuliko mimi."

Wiki iliyofuata Naftali alipanda basi la asubuhi kwenda mjini, bomba bovu limeviringishwa kwenye gazeti. Duka la Mselemu lilikuwa nyuma ya soko, refu na jembamba, baiskeli zimening'inizwa darini kwa ndoano. Mselemu alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, sauti ya taratibu.

"Shikamoo, mzee wangu. Wewe ndiye baba yake Gerald."

"Marahaba. Ndiye mimi."

Mselemu alilipima bomba bovu kwa kipimo cha chuma, akaingia ndani, akarudi na mabomba matatu na kuyalaza kwenye kaunta juu ya kitambaa. La kwanza lilikuwa jeusi linalong'aa, la hewa, halina mkwaruzo hata mmoja. La pili lilikuwa jipya kabisa, bado limo kwenye boksi lake, nalo liliendeshwa kwa mafuta yanayopita kwenye kibomba chembamba mpaka kwenye usukani. La tatu lilikuwa baya. Rangi ilikuwa imebanduka, lilikuwa nene chini na jembamba juu kama bua la mtama, na mpira uliolivika ulikuwa umepasuka.

Naftali aliomba lifungwe la kwanza kwenye baiskeli iliyosimama dukani. Akalikalia, akabonyeza. Lilishuka bila sauti na kupanda bila sauti. Akaomba wafunge gunia la misumari kwenye siti na kuliacha hapo. Mselemu alikwenda msikitini, akaswali, akarudi. Naftali alipima kwa kidole. Siti ilikuwa imezama upana wa ukucha.

"Sitakudanganya," Mselemu alisema. "Hili bado lina maisha, lakini limeanza."

La pili halikuzama. Lakini Naftali aliuliza, je, kile kibomba cha mafuta kikikatika njiani? Mselemu akasema kinaagizwa. Kutoka wapi? Akasema kwa kweli hajui, pengine Dar, pengine mbali zaidi. Na la tatu lilipokaliwa lilicheza kidogo, kushoto na kulia, kama jino la mtoto.

Naftali alishukuru, akaondoka mikono mitupu. Sokoni alinunua vitunguu ili asirudi bila kitu.

Alirudi mjini mara ya pili baada ya wiki mbili, na mara ya tatu mwishoni mwa Juni. Kila safari aliyapima tena mabomba yale yale, akauliza maswali mapya, akapata kasoro. Kila safari alirudi na vitunguu. Mselemu hakuchoka, alimwekea kiti na kumletea chai. Uani kwa Naftali baiskeli ya Arusha ilisimama imeegemea ukuta, haina siti, kuku wakilala chini yake.

Siku aliyorudi mara ya tatu, Dina alimpokea mfuko, akachungulia ndani, akauweka chini. Alasiri ilikuwa inaelekea jioni na upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya alizeti uani.

"Baba Gerald, keti."

Naftali aliketi kwenye gogo.

"Vitunguu tulivyo navyo vinatosha kijiji," Dina alisema. "Gerald ameniambia bomba la tatu, lile baya, kwake yeye linafaa. Amesema amekwambia hivyo tangu Mei. Na wewe ukamjibu unalifikiria."

"Linacheza."

"Linacheza kiasi gani?"

Naftali alimwonyesha kwa vidole viwili. Hata yeye aliona jinsi nafasi ile ilivyokuwa ndogo.

"Wewe hutafuti bomba," Dina alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemtolea mwenzake mwiba, taratibu, ili usikatikie ndani. "Unatafuta sababu. Niambie tu kwamba hutaki niendeshe, nijue."

Naftali alitazama mikono yake.

"Siku ile," alisema, "baiskeli yako ilikuwa kibandani kwangu. Uliniachia niikaze breki. Akaja mwalimu mmoja, gurudumu lake la nyuma limepinda, ana haraka ya kuwahi mtihani. Nikatoa la kwako nikampa. Nikasema mama Gerald haendi popote leo, mpaka jioni nitakuwa nimemrudishia. Halafu nikasikia umepanda bodaboda kwenda kumwona dada yako. Halafu nikasikia yale mengine." Akavigeuza viganja vyake. "Ningeiacha baiskeli yako nzima, ungekwenda nayo. Usingevunjika. Nimekaa na jambo hili miaka miwili, nalala nalo, naamka nalo. Sasa nikuwekee siti ya kupanda na kushuka, kisha ishuke isipotakiwa, uanguke tena kwa mkono wangu? Mama Gerald, siwezi."

Dina aliinuka kwa shida kidogo, akahamia kwenye gogo, akaketi kando yake, mguu wake mbaya ameunyoosha mbele ya miguu ya Naftali.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilipita kibandani kabla ya kuita pikipiki. Nikaiona baiskeli yangu imelala haina gurudumu. Nikakuona na wewe, mgongo umenipa, unacheka na yule mwalimu. Nikasema nisimsumbue mtu na kazi yake." Alivuta khanga mabegani. "Na kuna jambo wewe hulijui. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Kinampanda. Nikamwambia yule kijana wa pikipiki, ongeza mwendo, mvua isitukute. Ni mimi niliyemwambia. Alikuwa anakwenda polepole, mimi nikamhimiza, na kwenye ile kona yenye tope tukalala chini. Sijamwambia mtu. Hata wewe. Nilikuona unavyonihudumia, unanibeba mpaka bafuni, nikaona aibu."

Naftali aliushika mkono wa mke wake, mkono wenye sugu za jembe na wa kwake wenye sugu za spana, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuachia. Jirani aliyepita na ndoo ya maji aliwasalimia, wakaitikia kwa pamoja.

"Jumatano twende wote mjini," Dina alisema hatimaye. "Nyonga ni yangu. Nikalikalie mwenyewe."

Jumatano walikwenda. Mselemu alipomwona Dina akiingia mlangoni na fimbo yake ya kutembelea, aliacha mteja, akamsalimia shikamoo kwa unyenyekevu, kisha akamwita mke wake, Maryam, atoke nyumba ya nyuma. Maryam alikuja na kiti chenye mto. Ndiye aliyemshika Dina kiunoni wakati wa kupanda, wanaume wawili wakiwa wameshika baiskeli, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Dina aliilaza baiskeli, akapitisha mguu mbaya juu ya fremu iliyoinama, akaisimamisha. Alikaa kwenye bomba la kwanza, akashuka nalo, akapanda nalo.

"Hili ni laini sana," alisema. "Sijui limefika au bado liko njiani."

Bomba la pili alilisema vivyo hivyo. Kisha Mselemu akafunga la tatu. Dina alibonyeza, akashuka. Nyayo zake zote mbili zikatua sakafuni, bapa. Maryam aliziangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dina akajiinua kidogo, akabonyeza, siti ikamfuata na kugonga kwa sauti kavu, chuma juu ya chuma. Akarudia. Ikagonga tena pale pale.

"Hili linanijibu," alisema. "Likijifunga nasikia. Hata nikiwa naangalia njia, masikio yatajua."

Naftali aliomba lifunguliwe. Mselemu alilifungua pale pale kwenye kaunta kwa spana ya kawaida na bisibisi. Ndani mlikuwa na springi, kijiti cha chuma kinene kama penseli, na matundu matatu ambamo kijiti kile kiliingia: la juu, la kati, la chini. Kilichokivuta kijiti kilikuwa waya, na waya wenyewe ulikuwa waya wa breki, wa aina ile ile aliyokuwa nayo Naftali kibandani, rundo zima, umening'inia kwenye msumari. Aligeuza kijiti kwenye mwanga. Hakikuwa na mkunjo wala kulika. Springi ikikatika, kijiti kingebaki kimekaa tunduni. Siti isingeweza kuanguka yenyewe. Waya ukikatika, hivyo hivyo. Ubovu wowote aliouwaza, siti ilibaki pale ilipokuwa.

Aliwaza mara ya pili na ya tatu, akitafuta njia ambayo kitu hiki kingeweza kumwangusha mke wake. Hakuiona.

"Linacheza kidogo," alisema, lakini safari hii kwa sauti ya mtu anayeaga.

"Na mimi nachezacheza nikitembea," Dina alisema. "Tutaelewana."

Maryam alicheka, na Naftali, aliyekuwa hajacheka tangu asubuhi, akacheka naye. Walichukua bomba la tatu. Mselemu aliwafungia na mpira mpya wa kuzuia vumbi, lakini haukuwa saizi yake, akawaomba radhi.

Nyumbani Naftali alilifunga bomba kwa siku mbili, kazi ambayo angeimaliza kwa saa moja kama baiskeli ingekuwa ya mtu mwingine. Kidude cha kubonyeza alikiweka upande wa kulia, kwa kuwa mkono wa kushoto wa Dina ulishika breki ya nyuma aliyoitumia zaidi, na hakutaka mkono huo uwe na kazi mbili. Kisha akafunga gunia la mahindi juu ya siti na kuisukuma baiskeli kwenye uwanja wa mpira, akiipitisha makusudi kwenye mashimo na vichuguu. Watu waliokuwa wakipita waliuliza kama anapeleka mahindi mashineni. Akaipanda na yeye mwenyewe, mpaka njia ya mchanga, akashusha na kupandisha siti mara zisizo na idadi.

Siku ya pili ya majaribio kijiti kiligoma katikati. Vumbi lilikuwa limeingia. Dina alisimama mlangoni akimtazama mumewe anavyokaa chini na spana, akahofu kwamba sasa mambo yameharibika, kwamba atasikia tena habari za Singida na vitunguu. Lakini Naftali alilifungua bomba, akakifuta kijiti kwa shati kuukuu, akatia grisi kidogo. Halafu akakata kipande cha tyubu ya zamani, akakivika kwenye maungio na kukikaza kwa mpira. Kazi yote haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Alipoinuka uso wake ulikuwa na utulivu ambao Dina hakuwa ameuona kwa siku nyingi.

"Limeharibika," alimwambia, "na nimelitengeneza."

"Nimeona."

"Basi kesho."

Kesho yake asubuhi, jua likiwa limeshapanda na baridi ya Julai bado haijaondoka, Dina alitoka amevaa suruali ya michezo ya Gerald ndani ya sketi, na sweta. Naftali aliishika baiskeli. Dina aliilaza, akapita, akaisimamisha, akakaa. Miguu yake ilikuwa chini. Alivuta pumzi.

"Achia," alisema.

Naftali aliachia, lakini mikono yake ilibaki hewani, vidole vimetanuka.

Dina alijisukuma kwa mguu wa kulia, baiskeli ikayumba, pedali ya kwanza ikapanda na nyonga ikamchoma. Akaminya meno, akajiinua, akabonyeza. Siti ikapanda na kugonga. Akakaa juu yake, mrefu, mgongo umenyooka, na pedali ya pili haikumchoma, wala ya tatu. Alizunguka uwanja mara moja. Naftali alimfuata mbio kwa mguu, mzee wa miaka hamsini na tisa, ndara zikimpiga visigino, mpaka pumzi ikamwishia akasimama katikati ya uwanja akigeuka tu kila Dina alikogeukia.

Dina alipotaka kusimama alisahau kubonyeza. Baiskeli ilianza kuinama upande wa kushoto, upande mbaya, na Naftali akaanza kukimbia huku akijua hatafika. Kidole cha Dina kikakumbuka. Siti ikashuka, mguu wa kushoto ukagusa ardhi, kisha wa kulia. Alikuwa amesimama, amekaa, baiskeli katikati ya miguu yake, anahema.

Naftali alifika, akamshika bega. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakujisumbua kuyafuta.

"Pole na mbio," Dina alimwambia.

Alifanya mazoezi wiki tatu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi walitoka wote wawili kwenda Kinampanda, kwa Scholastika, dada yake Dina, yule yule aliyekuwa anakwenda kumwona siku ya ajali. Dina alikuwa mbele, Naftali nyuma yake kwenye baiskeli yake nzito ya keria, na mkobani alikuwa amebeba waya wa akiba, spana na grisi. Kwenye ile kona, ambayo kiangazi hiki ilikuwa mchanga mtupu, Dina alipunguza mwendo, akashusha siti, akaweka miguu chini, na kuisukuma baiskeli hatua chache akiwa ameikalia, kama watoto wanavyofanya. Alipovuka alipandisha siti, akaendelea.

Scholastika alikuwa anaanua nguo. Aliwaona wakiingia uani, akabaki na shuka mkononi. Tangu ajali, Dina alikuwa hajakanyaga kwake. Ni yeye Scholastika aliyekuwa akifunga safari kwa mguu kumwona, na magoti yake yalikuwa yameanza kukataa. Alimtazama mdogo wake anavyobonyeza, anavyoshuka, anavyotulia. Akaja, akamkumbatia pamoja na usukani wake.

"Umekuja na nini hiki?"

"Na mume wangu," Dina alisema.

Walikula ugali wa mtama na mlenda, wakakaa mpaka jua lilipoanza kulegea. Scholastika alitaka na yeye ajaribu kukaa kwenye siti, wakamshikilia, akashuka na kupanda mara nne, akasema inatosha. Wakati wa kurudi upepo uliwapinga. Kwenye mwinuko wa kwanza Naftali alishuka, kwa kuwa baiskeli yake haikuwa na gia. Dina alikuwa na gia, angeweza kupanda mpaka juu. Alishusha siti, akashuka naye, na wakazisukuma baiskeli bega kwa bega, wakijadili kama mwaka huu waoteshe vitunguu mapema au wasubiri.